Arudhi ya Reli: Ramani ya Karatasi na Ramani ya Kioo

Ramani ya mtandao wa reli si kitu ambacho wahakiki wa fasihi wamezoea kukishughulikia. Huhesabiwa kuwa chombo cha msafiri, sawa na tikiti au ratiba, na safari ikisha hutupwa. Hata hivyo wako watu wengi, na baadhi yao si wapandaji wa treni, ambao huzihifadhi ramani hizo za karatasi, huzitundika ukutani, na huzikunjua usiku wakazisoma kama mtu asomavyo utenzi anaoujua. Watu hao hao wana simu za mkononi ziwezazo kuwaonyesha njia yoyote kwa muda mfupi. Basi kinachowavuta kwenye karatasi hakiwezi kuwa haja ya kufika, maana kwa haja hiyo simu inatosha na kuzidi. Jibu linalotolewa upesi ni kwamba hayo ni mazoea tu, ni huba ya vitu vya kale. Jibu hilo halitoshi. Ramani nzuri ya reli ni tungo: ina mtunzi, ina kanuni, ina umbo zima, tena ina tarehe. Simu, kwa namna itumiwavyo leo, humpa mtu jibu bila ya kumpa tungo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ramani ya reli za chini ya ardhi za London, iliyobuniwa na Harry Beck. Beck, aliyezaliwa mwaka 1902, hakuwa mchora ramani wala msanii wa matangazo. Alikuwa mchoraji wa michoro ya kihandisi katika ofisi ya ishara za treni. Mwaka 1931, kwa wakati wake mwenyewe, alichora mtandao wote upya na kuupeleka kwa wakubwa. Waliukataa, wakiuona umekwenda mbali mno na sura ya mji. Aliupeleka tena, ukakubaliwa kwa majaribio, na Januari 1933 ukachapwa kwa wingi ukiwa karatasi ndogo ya kukunjwa ya kutia mfukoni. Jalada lake liliwaomba abiria watoe maoni juu ya sura hii mpya ya ramani ya zamani. Abiria waliipokea kwa mikono miwili.

Kabla ya hapo, ramani za mfukoni zilizochorwa na F. H. Stingemore zilijitahidi kufuata mpindo wa njia ulivyo ardhini. Katikati ya mji, stesheni zilibanana hata majina yakawa shida kusomeka. Pembezoni, njia ziliambaa peke yao mpaka nyingine zikatoka nje ya ukurasa. Beck alitambua kwamba abiria aliye chini ya ardhi haoni barabara wala majumba. Anachotaka kujua ni stesheni ipi inafuata ipi, na wapi ashuke abadili treni. Akaacha kupima ardhi, akajiwekea sharti: kila njia iende mlalo, au wima, au mshazari wa nyuzi 45, basi. Katika yote yaliyo juu ya ardhi alibakisha kitu kimoja tu, mto Thames, nao akaulazimisha utii sharti lile lile.

Msomaji wa mashairi ya pwani hahitaji kufundishwa maana ya sharti la namna hiyo. Mshairi aliyejifunga na mizani 16 katika mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, hawezi kuyaacha maneno yatembee yapendavyo. Neno refu hulikata, na hiyo ndiyo inkisari. Neno fupi hulirefusha, na hiyo ndiyo mazida. Mara nyingine huigeuza sauti pasipo kuongeza wala kupunguza mizani, na hiyo ndiyo tabdila. Beck alifanya yote matatu. Masafa marefu ya vitongoji aliyafanyia inkisari, akayakunja yakaingia ukurasani. Katikati ya mji palipobanana alipafanyia mazida, akapatanua hadi kila jina likapata pa kupumulia. Mto aliufanyia tabdila, ukabaki mto ingawa si kwa mpindo wake. Kutoka stesheni ya Leicester Square hadi Covent Garden ni pungufu ya mita 300, ilhali kutoka Chalfont & Latimer hadi Chesham ni zaidi ya kilomita 6. Anayeitazama ramani hawezi kuukisia umbali huo, wala hakuusudiwa. Ameahidiwa mpangilio, na mpangilio anaupata.

Je, huo si uongo? Swali hili lazima liulizwe, kwani mhakiki asifuye vina na kuisahau maana hajahakiki. Mwaka 2011 mtafiti Zhan Guo alichapisha uchunguzi juu ya abiria wa London, akaonyesha kwamba urefu wa njia unavyoonekana katika ramani hiyo huathiri uchaguzi wao takriban mara mbili kuliko muda halisi wa safari. Yaani mtu huamini mchoro kuliko saa yake mwenyewe, hata katika njia aliyokwisha kuipita. Tungo tamu hukaa kichwani, na ikikaa hutawala. Huo ni ushahidi wa nguvu za ramani ya Beck, na ni ushahidi pia wa hatari yake. Wanaoitetea karatasi wasiufiche upande huu wa pili.

Kwamba uzuri wake haukuja kwa bahati kulithibitika mwaka 1960. Harold Hutchison, aliyekuwa mkuu wa matangazo katika shirika la usafiri la London, alitoa ramani yake badala ya ile ya Beck, bila ya kumshirikisha. Mistari ilikuwa ile ile mitatu, mlalo, wima na mshazari, rangi zilikuwepo, stesheni zilikuwepo. Lakini kona zilikuwa kali kama zilizokatwa kwa shoka, na majina yalisongamana yakatafuta pa kujishikiza. Kwa lugha ya arudhi, ile ilikuwa guni: hesabu ya maneno ipo, sauti haipo. Baada ya miaka michache ilibadilishwa kwa ramani ya Paul Garbutt, aliyeirudishia mistari ulaini wake na katikati ya mji nafasi yake. Beck mwenyewe hakurudishiwa kazi yake. Aliidai kwa miaka mingi bila ya kufanikiwa, akafariki mwaka 1974. Leo ramani rasmi hubeba maandishi madogo yanayomtaja kuwa ndiye mbunifu wa asili. Watu wa pwani, ambao kwao si ajabu shairi kuimbwa arusini na jina la aliyelitunga likasahauliwa, wanayajua majonzi ya namna hiyo.

Umbo zuri, hata hivyo, halihami mji na mji bila gharama. Mwaka 1972 Massimo Vignelli aliipa New York ramani ya mtindo huo, yenye mistari minyoofu na rangi zilizokolea. Wahakiki wa sanaa waliisifu, wenyeji wakanung'unika. Bustani kubwa ya Central Park, ambayo ni ndefu na nyembamba, ilionekana kama mraba, na maji ya bahari yalipakwa rangi ya mchanga. Stesheni ya mtaa wa 50 iliyo Broadway iliwekwa magharibi ya ile ya Eighth Avenue, ilhali ardhini iko mashariki yake. London ni mji wa vichochoro, na wachache waijuao sura yake yote kwa kichwa. Mtu wa Manhattan, mwenye mitaa iliyohesabiwa kwa namba, anaijua mitaa yake kama vidole vyake. Alipoona ramani inampinga aliikataa, na mwaka 1979 ikaondolewa. Inkisari hukubalika pale tu ambapo msikilizaji bado analitambua neno lililokatwa.

Lakini kisa hicho hakikuishia hapo. Mwaka 2011 wakuu wa usafiri wa New York walipotaka ramani ya kwenye kioo ya kuonyesha mabadiliko ya treni za mwisho wa wiki, walimrudia Vignelli na wenziwe. Na Aprili 2025 ramani mpya iliyofuata mtindo wake ilianza kuchukua nafasi ya ile iliyotokana na mageuzi ya 1979. Basi asiyependa simu asidhani kwamba kioo kwa asili yake ni adui wa tungo. Kioo chaweza kubeba mchoro uliotungwa vizuri. Ugomvi uko kwenye namna ya kutumia, siyo kwenye kitu kinachotumiwa.

Namna hiyo ni ipi? Mtu anayeuliza njia kwa simu huandika aendako, na simu humjibu kwa mstari mmoja: panda hapa, shuka pale, dakika kadhaa. Kwa mwenye haraka hiyo ni neema. Simu humwambia pia kwamba njia fulani imefungwa leo, jambo ambalo karatasi haliwezi. Kwa asiyeona, ramani ya karatasi ni bubu, ilhali simu humsomea. Faida hizi ni kubwa, na mwenye kuzidharau huenda hajawahi kupotea usiku katika mji wa kigeni. Ila mstari mmoja si mtandao. Mtumiaji hugeuzwa kitovu cha mji, na kila kisicho njiani mwake huondolewa. Akitaka kuona zaidi hana budi kuivuta picha kwa vidole: akiikuza anapoteza pembe zake, akiipunguza majina yanatoweka. Ni sawa na kumsomea mtu shairi kwa tundu linaloonyesha neno moja moja. Maneno yote atayasikia, ubeti hatauona.

Karatasi humpa mtu hata yale asiyoyatafuta. Jicho lililokuwa likiifuata njia ya buluu linakatizwa na ya kijani, linasoma jina la stesheni ambayo mwenye jicho hatashuka maishani mwake, linajiuliza ni kina nani waliao pale. Ujuzi wa mji mkubwa hujengwa kwa mikatizo ya namna hii. Aidha ramani ya ukutani husomwa na wengi kwa pamoja. Mgeni na mwenyeji husimama bega kwa bega, kidole cha mmoja kikimwonyesha mwingine. Simu husomwa na mwenye simu.

Watu wanaihisi ramani kuwa ni yao, na hilo lilidhihirika mwaka 2009. Mwezi wa Septemba toleo jipya la ramani ya London lilitoka bila ya mto Thames. Wahusika walitaka kupunguza msongamano ukurasani. Kelele zikapigwa, meya wa mji akaingilia kati, na kabla ya mwaka kwisha mto ukarudi. Hakuna abiria aliyehitaji mto ili abadili treni. Waliudai kwa sababu bila yake picha ile haikuwa tena ya mji wao. Mto ndio uliokuwa kituo cha ubeti, mshororo unaorudi ili mengine yote yapate pa kutua.

Jambo la mwisho ni tarehe, na hapa Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Ramani iliyochapwa wakati wa shirika la pamoja la reli la Kenya, Uganda na Tanzania huonyesha mtandao mmoja. Tawi la kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe liliifunga reli ya Mombasa na ile ya Tanga. Huduma za meli za Ziwa Viktoria zilikuwa chini ya shirika lile lile. Kidole kingeweza kutoka Mombasa hadi Moshi bila ya kuinuliwa. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, reli zikagawanywa baina ya nchi tatu. Ramani ya karatasi haikupata habari hiyo, na kutopata kwake ndiko kunakoifanya iwe shahidi. Ramani ya simu daima ni ya leo. Njia ikifa hufutwa, na machoni pa mtumiaji huwa haikupata kuwapo. Kweli, karatasi nayo huficha. Mchoro waweza kuzikutanisha Dar es Salaam reli ya kati yenye upana wa milimita 1,000, TAZARA yenye 1,067, na reli mpya yenye 1,435 iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, bila ya kusema kwamba behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Lakini kificho cha karatasi kimebaki pale pale, chaweza kusomwa, kuhojiwa na kulaumiwa. Hicho ndicho kinachoitwa uhakiki, na hakiwezekani juu ya maandishi yanayobadilika kila siku bila ya kuacha alama.

Haitakuwa busara, basi, kuwataka wasafiri wazitupe simu zao. Linalofaa kudaiwa ni kwamba wanaotengeneza ramani za kioo wauweke mtandao mzima mbele kwanza, ndipo waoneshe njia ya mtu mmoja, waiandike tarehe, wayahifadhi matoleo yaliyopita mahali panapofikika, na walitaje jina la mchoraji. Nayo mashirika ya reli yanayojengwa upya katika nchi zetu yachape ramani zao kwenye karatasi, zibandikwe katika stesheni, tena zichorwe na mtu mwenye sikio la mizani. Na yeyote mwenye ramani ya zamani ya reli, iliyokunjwa ndani ya kitabu au sandukuni mwa marehemu aliyefanya kazi huko, asiipeleke jaani. Aandike nyuma yake ilikuwa ya nani na ya mwaka gani, kisha airudishe ilipokuwa.