Mwenye ghala ndiye mwenye kalenda

Kasiterite inayokusanywa Nzibira, wilayani Walungu, ni mawe ya bati, na bati ndilo linaloshikisha vipande vya kadi ya grafiki kwenye ubao wake. Kwa hiyo msukosuko wa bei za kadi hizo unatuhusu hata sisi tusiozitengeneza. Tena kanuni yake tuliwahi kuionja hapa Kivu.

Kampuni ya Nvidia ilipotoa kadi ya RTX 3080 tarehe 17 Septemba 2020, bei iliyotangazwa ilikuwa dola 699. Mwaka uliofuata walanguzi waliiuza kwa zaidi ya maradufu. Janga la korona na uhaba wa vipuri vilichangia, lakini kilichoamua bei ikomee wapi ni Ethereum. Kuchimba sarafu hiyo kulitaka kadi isome kwa kasi data ya gigabaiti kadhaa iliyopakiwa kwenye kumbukumbu yake, na kadi za michezo zinaiweza kazi hiyo vizuri mno. Mnunuzi akaacha kuuliza kadi ina thamani gani, akauliza inaingiza kiasi gani kwa siku. Tuseme inabakiza dola 6 baada ya kulipia umeme: kwa miezi minane imerudisha dola 1,440. Mchimbaji atatoa 1,400 bila kusita, na fundi wa video wa Bukavu atashindana naye kwa kitu gani?

Mitambo ya Luviro, ambako Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuchimba Bitcoin kwa umeme wa maji, haimo katika hesabu hii. Ile ni mashine ya kazi moja tu, haigombanii kadi na mtu.

Februari 2021 Nvidia iliifunga RTX 3060 ili ichimbe Ethereum kwa nusu ya nguvu yake. Mwezi uliofuata kampuni yenyewe ikatoa kimakosa programu iliyofungua kufuli hilo. Kwa maoni yangu, hata kama lingeshika, bei isingeshuka sana maadamu Ethereum ilikuwa inalipa.

Jambo zito zaidi ni tarehe za kutoa kadi mpya. Kizazi cha GTX 900 kilipisha GTX 10 baada ya miezi 20. GTX 10, zilizotoka Mei 2016, zilikaa miezi 28 hadi RTX 20 zilipofika Septemba 2018. Wachimbaji walikuwa wakinunua toleo la zamani kwa bei ya juu, basi haraka ya nini? Sarafu zilipoporomoka ghala likabaki limejaa, na Novemba mwaka huo Nvidia ikakiri. Mwaka 2022 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza dola milioni 5.5 kwa kutowaeleza wenye hisa jinsi uchimbaji ulivyokuza mauzo yake.

Mwaka huohuo hali ilijirudia. Tarehe 15 Septemba Ethereum iliacha kabisa kuchimbwa. Siku tano baadaye Nvidia ilitangaza RTX 40, ikianza na zile ghali: 4090 kwa dola 1,599 na 4080 kwa 1,199. RTX 4070 ilisubiri hadi Aprili 2023, 4060 hadi Juni. Hapo ndipo naona ustadi wa mpango wenyewe: kadi mpya ziliwekwa juu kabisa ili zile za RTX 30 zilizojaa ghalani ziendelee kuuzwa chini yake.

Sasa linganisha na koltani. Mwaka 2000 viwanda vya simu na kompyuta viliogopa kukosa tantali itokayo kwenye koltani, vikaagiza kupita mahitaji, na bei ya ratili moja ikapanda kutoka dola 40 hivi hadi zaidi ya 300. Watu wakaacha mashamba, wakaingia hata Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Novemba, bei ikiwa inakaribia kilele, RCD, kundi la waasi lililoshika Kivu wakati huo, iliipa kampuni ya SOMIGL haki ya peke yake ya kuuza koltani nje. Kabla mwaka 2001 haujaisha bei ilikuwa imerudi ilikotoka.

Hofu ilikuwa ileile, na maagizo ya kupita kiasi yaleyale. Ila Nvidia ilipokwama na mzigo iliweza kuahirisha toleo jipya na kupanga bei kwa ngazi. Mchimbaji wa Kivu aliyebaki na gunia lake hakuwa na tarehe ya kusogeza. Aliuza wiki ileile, kwa bei aliyotajiwa, kwa sababu watoto walihitaji kula.