Matenki Usiyatupe

Gari lilichemsha katikati ya Mlima Kitonga, mahali pabaya kuliko pote pa kuchemshia gari: kona mbele, kona nyuma, na malori ya Tunduma yakikupumulia kisogoni. Lilikuwa pikapu la Peugeot 404 aliloniachia marehemu baba, ukoo mmoja na zile 404 ambazo Bert Shankland wa Tanzania alishindia Safari Rally mwaka 1966 na 1967. Sifa hizo hazikunisaidia kitu. Nilikaa juu ya jiwe nikangoja mvuke ukate, nikamimina dumu zima la maji, kisha nikaenda kwa kupumzika-pumzika hadi Ilula.

Niliporudi Dar es Salaam nikaanza kusaka rejeta. Mpya kutoka Ulaya ilikuwepo, ila ukijumlisha usafiri na ushuru, bei yake ilikaribia ile ambayo ningeliuzia gari lenyewe. Duka moja la Gerezani likanitolea ya aluminiamu, iliyovuliwa kwenye basi dogo. Mdomo wake wa juu ulitazama upande usio wake na tundu za bolti zilipishana na za gari langu. "Tutaibana na waya, bosi," kijana akaniambia, tena kwa moyo mweupe kabisa. Nimeona magari mengi yaliyobanwa na waya. Nikamshukuru nikaondoka.

Fundi rejeta hana haja ya kibao, pipa lake linatosha kumtangaza. Huyu wangu alikuwa na pipa la mafuta lililokatwa nusu, limejaa maji yenye rangi ya chai ya rangi, na pembeni rundo la rejeta zilizokufa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia macho yakiwa tayari kwenye mzigo niliobeba. Akapitisha ukucha juu ya mapezi, yale mabati membamba yanayopeleka joto hewani, yakamomonyoka yakawa unga wa kijani. Akachungulia ndani ya mdomo: mirija imeziba chokaa na kutu, miaka na miaka ya maji ya kisima. Kisha akagonga tenki la juu kwa fundo la kidole, akasikiliza.

"Matumbo ndiyo yamekufa, mwanangu. Haya matenki yatakuzika wewe. Matenki usiyatupe."

Nilidhani nitaacha mzigo nirudi jioni. Nikakaa siku mbili.

Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka chini kidogo ya digrii 190. Shaba nyekundu haiyeyuki mpaka 1,085. Ukisoma tarakimu hizo utasema kazi ni rahisi, nafasi iliyopo katikati ni pana mno. Lakini bamba la tenki ni jembamba, na kila mshono una jirani. Ukiuzembea moto, unafungua mshono huu na ule wa pili unaachia wenyewe. Kwa hiyo mzee alikuwa na matambara mabichi ameyalaza juu ya kila ungio asilotaka liguswe, na moto wa gesi aliutembeza, hakuusimamisha hata mara moja. Tenki likaachia. Akalifuta lehemu ya zamani ingali ya moto, kwa tambara, kama mtu anayempangusa mtoto mdomo.

Kiini kingine, yaani hayo matumbo, alikitoa kwenye rundo lake: rejeta ya shaba ya trekta, matenki yamepasuka lakini mirija mizima. Akaipunguza upana, akatoboa bamba jipya la kushikia mirija, tundu moja moja, kila tundu likipimwa kwa mrija wake. Akapaka dawa, akasogeza moto, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu husema fulani ana mkono. Lehemu haisukumwi. Inakimbilia palipo moto na safi, basi, na fundi kazi yake ni kupatayarisha mahali hapo kisha kungoja. Ilitambaa kuzunguka mrija ikafunga duara, ikang'aa, ikafifia. Akahamia mrija wa pili.

Nikimtazama, niliwakumbuka vijana wa California na hotirodi zao, magari makuukuu waliyoyavua uzito wakaenda kuyakimbiza kwenye ziwa kavu la Muroc. Kipenzi chao kilikuwa Ford ya mwaka 1932, yenye injini ya V8 ya lita 3.6 na nguvu za farasi 65. Injini hiyo ina ugonjwa wa kuzaliwa nao: moshi wake unatoka kwa kupita ndani ya bloku, kati ya silinda, ukiyachemsha maji yaleyale yanayotakiwa kuipoza. Tena ina pampu mbili, na kila upande una mpira wake wa kupandisha maji, kwa hiyo rejeta yenye mdomo mmoja juu haikubali bila kuongezewa. Juu ya hayo wengine waliikata rejeta kimo ili pua ya gari ishuke, ipendeze, kisha wakashangaa linachemsha. Urembo una gharama zake kila nchi. Huko nako asiye na fedha za kununulia mpya huyachukua matenki ya awali, akayapeleka kwa fundi yatiwe kiini kipya.

Sina ugomvi na aluminiamu. Ni nyepesi, mirija yake hutengenezwa mipana, na inapoza vizuri. Kinachoniudhi ni matenki ya plastiki, ambayo yakipasuka unaambiwa ununue rejeta nyingine. Wala lehemu si malaika: risasi ni sumu, na mzee alikula chapati kwa mikono ileile. Nikamwambia. Akacheka, lakini mchana wa siku ya pili nilimwona ananawa kwa sabuni.

Mwisho likaja pipa. Akaziba midomo kwa mpira, akajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, akaizamisha rejeta, sote tukainama. Povu moja likapanda kutoka kwenye pembe, dogo kama punje ya mtama, likafuatwa na jingine. Akaitoa, akaweka alama ya chaki, akawasha moto tena. Mara ya tatu maji yalitulia.

Nilikuwa nimenunua kifuniko kipya cha presha kubwa, nikijua kila ratili ya presha huongeza kama digrii moja na nusu kabla maji hayajachemka. Akakigeuza mkononi, akanirudishia. "Hiki kitaipasua. Tumia chako cha zamani."

Alinitoza sehemu ya tano ya bei ya ile ya Ulaya. Nimeshapanda Kitonga mara nne, na mshale wa joto haujavuka katikati. Nawe msomaji, kama una rejeta ya shaba imelala nyuma ya nyumba, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, ipitishe kwanza kwa mwenye pipa.