Mkataba wa Jimbo: A&M Walijifunga Wenyewe

Novemba 2023 mliona wenyewe. Jumamosi, kwenye futiboli ya Marekani ya vyuo, Texas A&M inaipiga Mississippi State 51-10, Jumapili kocha wao Jimbo Fisher hana kazi. Wachambuzi wakaanza kubishana ni kipigo kipi kilichomponza. Mimi sioni mechi yoyote. Bao lile A&M walijifunga Septemba 1, 2021, mezani, kwa kalamu.

Fisher aliletwa Desemba 2017 kwa miaka 10 na dola milioni 75, zote za uhakika. Kwa hiyo siku ile ya Septemba alikuwa bado na miaka zaidi ya sita kibindoni. Alikuwa ametoka msimu wa 9-1, timu ikishika nafasi ya nne nchini na kulibeba Orange Bowl. Kazi nzuri, mpe bonasi yake, mshike mkono, maisha yaendelee. Mkurugenzi wa michezo Ross Bjork akaamua kumwandikia miaka 10 upya, hadi 2031, mshahara ukianzia dola milioni 9 kwa mwaka. Kisa ni nini? Minong'ono tu: kwamba Scott Woodward, bosi aliyemleta kisha akahamia LSU, angemvuta huko Baton Rouge. Kocha mwenye miaka sita mkononi anabembelezwa kwa lipi?

Vipengele vyenyewe ndivyo vilivyonimaliza. Akifukuzwa, takriban robo ya deni inalipwa ndani ya siku 60, inayobaki inakwenda kwa awamu kila mwaka hadi 2031. Mikataba mingi ya makocha humtaka aliyefukuzwa atafute kibarua, na mshahara wa huko unakatwa kwenye fidia. Kwa Fisher hakuna. Hata angeajiriwa kesho yake, senti haipungui. Wakili wa kocha angejiandikia mwenyewe asingeandika vizuri zaidi.

Matokeo yake chuo kilipoteza silaha yake ya mwisho, yaani uwezo wa kumwambia kocha asante, nenda. Msimu wa 2022 Appalachian State walikwenda College Station, nyumbani kwa A&M, wakashinda 17-14. Itazameni tena ile mechi. Mashambulizi ya A&M yalicheza mipira 38 tu mchezo mzima, wageni wakaushikilia mpira zaidi ya dakika 40, na Fisher, aliyekuwa akiita michezo mwenyewe, hakubadilisha kitu. A&M wakamaliza msimu 5-7. Popote pengine kiti kinaungua. Pale kiti kilikuwa baridi kama maji ya mtungi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuitazama bili. Walipothubutu, mwaka mmoja baadaye, ilisoma zaidi ya dola milioni 75.

Watetezi wa mkataba ule wanasema ulisaidia usajili: mzazi wa kijana wa nyota tano anataka kuhakikishiwa kwamba kocha hang'oki. Ni kweli, kundi la 2022 lilishika namba moja nchini, hadi Nick Saban, kocha wa Alabama wakati huo, akalalamika hadharani kwamba limenunuliwa. Ila soko la uhamisho lilikuwa limeshafunguliwa mwaka 2021, mchezaji aliweza kuhama mara moja bila kukaa benchi. Walter Nolen wa kundi hilo yuko wapi? Alikwenda Ole Miss. Evan Stewart? Oregon. LT Overton? Alabama hiyohiyo. Vijana walikuwa huru kuondoka, aliyefungwa kwa miaka 10 ni mwajiri peke yake. Na hizo nyota za mitandao ya usajili nimezisema miaka yote: hazizuii mtu wala hazidaki mpira.

Halafu namkumbuka R.C. Slocum, kocha wa zamani wa A&M. Miaka 14, ushindi 123, hakuna hata msimu mmoja alioshindwa mechi nyingi kuliko alizoshinda, na safu ya ulinzi iliyoogopwa hadi ikapewa jina, Wrecking Crew. Mwaka 2002 akamaliza 6-6. Wakamfukuza. Fisher na 5-7 yake alipewa mwaka mwingine na msaidizi mpya, Bobby Petrino. Mzee wa 6-6 alikosea kitu kimoja tu, hakuwa ghali vya kutosha.

Kumchukua Mike Elko kutoka Duke amrithi Fisher kulikuwa sahihi, sina la kuongeza.

Bjork alikwishahamia Ohio State kabla Elko hajacheza mechi hata moja. Woodward naye, kule LSU, alimpa kocha Brian Kelly miaka 10 ileile. Oktoba 2025 A&M ya Elko ilikwenda Baton Rouge ikawatandika 49-25. Kesho yake Kelly akafukuzwa, LSU wakiwa na bili ya zaidi ya dola milioni 50, na kabla wiki haijaisha Woodward naye akaondoka.