Tiba Ianzayo Jikoni

Mtoto hapiki, haendi sokoni wala hapakui. Hula alichowekewa na wakubwa, na kwa sababu hiyo nawapa heko ya dhati Leonard Epstein na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, nchini Marekani, ambao, walipoletewa watoto waliozidi unene, hawakumtenga mtoto na kumlaumu, bali walimwita pamoja na mzazi wake, wakawafunza wote wawili.

Vyakula walivigawa mithili ya taa za barabarani: vya kijani huliwa bila hofu, vya manjano kwa kiasi, na vyekundu kwa nadra, naye mzazi, akiandika kila siku alacho na mazoezi afanyayo sawa na mwanawe, na kumsifu kila atendapo vyema, akawa kielelezo wala si askari. Taathira yake ilidhihiri mwaka 1990, walipotangaza kwamba, baada ya miaka 10, watoto waliobadili mwenendo pamoja na wazazi wao walikuwa wamepungua unene, ilhali wale wa kundi la kulinganishia walikuwa wameongezeka.

Mwaka 2023 jumuiya ya madaktari wa watoto wa Marekani ilinasihi familia zipewe mafunzo ya namna hiyo kwa saa 26 au zaidi, katika miezi 3 hadi 12. Maana tabia haijengwi kwa hotuba moja.

Basi, ewe mzazi, kabla hujaikagua sahani ya mwanao, anza na yako.