Potasiamu Ilivyowaponyoka Ontario

Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya utafiti wa RALES kwa wagonjwa 1,663 ambao moyo wao ulikuwa umeshindwa kusukuma damu vizuri. Karibu wote walikuwa tayari wanameza dawa za kundi la enalaprili na kaptoprili. Nusu waliongezewa spironolaktoni, na hatari ya kufa ikapungua kwa asilimia 30.

Wengi wetu tunazijua dawa hizo kama vidonge vya presha. Hatari ya kuzichanganya iko kwenye homoni iitwayo aldosteroni, inayoifanya figo itoe potasiamu kwenye mkojo. Enalaprili hupunguza utengenezaji wa homoni hiyo, na spironolaktoni huizuia isifanye kazi kwenye figo. Zikikutana, potasiamu hukosa pa kutokea. Ikizidi kwenye damu, mapigo ya moyo huvurugika, na mara nyingi mgonjwa hahisi dalili yoyote kabla.

Watafiti walijipanga. Mwenye potasiamu inayozidi milimoli 5.0 kwa lita hakupokelewa, wala mwenye figo zilizochoka sana. Dozi ilianzia miligramu 25, na katika miezi mitatu ya kwanza damu ilipimwa kila baada ya wiki nne. Kwa maoni yangu, ratiba hiyo ya vipimo ilikuwa sehemu ya tiba sawa na kidonge chenyewe.

Kidonge kilienea haraka kuliko ratiba. Ontario, nchini Kanada, spironolaktoni ilianza kuandikwa kwa wingi mara tu matokeo yalipotoka, hata kwa wazee waliozidi umri wa wale wa RALES. Mwaka 1994, kati ya kila wagonjwa 1,000 wa moyo wenye umri mkubwa waliotumia dawa za kundi la enalaprili, 2.4 walilazwa kwa sababu ya potasiamu kupanda. Mwaka 2001 walifika 11. Vifo navyo viliongezeka, na inauma, kwa sababu kipimo kilikuwepo.

Tayside, huko Uskoti, matumizi yalipanda vilevile bila ongezeko la waliolazwa. Huko damu ilipimwa mara kwa mara zaidi.

Anayemeza enalaprili na spironolaktoni pamoja asiziache ghafla. Aulize lini potasiamu na kriatinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, vitapimwa. Akiandikiwa septrini, au akienda duka la dawa kununua diklofenaki ya mgongo, ataje kwanza dawa hizo mbili anazomeza tayari. Septrini nayo huzuia potasiamu isitoke, na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo.