Kumuua Mhalifu ili Kumwokoa Asiye na Hatia: Kanisa Katoliki Limesimama Wapi?

Wapo miongoni mwetu wanaodai mimbarini kuwa Mkristo hufundishwa kugeuza shavu la pili tu, wala hana hukumu ya kujilinda. Madai haya si ya kielimu. Thomas Aquinas, mwanachuoni mkubwa wa Kikatoliki aliyefariki mwaka 1274, alilichambua suala hili katika Summa Theologiae. Kwake, dola inaweza kumuua mhalifu kwa maslahi ya umma, kama tabibu anavyokata kiungo kilichooza ili mwili upone. Raia wa kawaida hana mamlaka hayo. Akivamiwa anaweza kujihami, hata mvamizi akifa, ila asikusudie kuua na asitumie nguvu kupita haja.

Sharti la nguvu mwanafunzi wa fiqhi atalitambua mara moja. Katika mlango wa kumzuia mvamizi, maulamaa wetu nao huanza na jepesi kabla ya zito: anayezuilika kwa ukelele hapigwi. Sharti la nia ndilo lenye tatizo. Mama anayemchoma kisu jambazi aliyemkaba mwanawe, nia yake tutaipimaje? Fiqhi huuliza amefanya nini na kama njia nyepesi ilikuwepo, mambo ambayo kadhi anaweza kuyachunguza. Mtetezi wa Aquinas atasema nia ni ya dhamiri, si ya mahakama. Sawa, lakini dhamiri ya mama yule nayo inataka jibu.

Zito zaidi ni la adhabu ya kifo. Katekisimu ya 1992 iliiruhusu. Mwaka 1995 Papa John Paul II aliibana: iwe pale tu jamii isipoweza kulindwa vinginevyo. Agosti 2018 Papa Francis akatangaza kuwa haikubaliki. Miongoni mwa sababu zilizotolewa, utu wa mhalifu haupotei, na vifungo vya leo vinatosha kuwalinda raia. Ndugu msomaji, sababu hizi mbili hazitembei pamoja. Ikiwa ni utu, basi ilikuwa dhulma tangu zamani na Aquinas alikosea. Ikiwa ni magereza, basi hukumu inafuata hali, na nchi isiyo na gereza madhubuti ina udhuru. Kanisa linasema mafundisho yamekua. Sayyidna Umar (r.a.) aliposimamisha hadi ya wizi mwaka wa njaa, hakuna aliyesema hukumu imekua, sharti lake ndilo lililokosekana. Msimamo wa 1995 ulikuwa karibu na hapo.

Na Katekisimu hiyohiyo bado inamwajibisha aliyekabidhiwa maisha ya watu kumzuia mvamizi, hata kwa silaha.