Kinubi na Kalamu ya Rangi

Zaburi ya 137 tumezoea kuisoma kama kilio cha waliohamishwa. Mara chache tunauliza ni nani aliyewaambia wale mateka waimbe. Walioomba wimbo ndio waliowateka, nao walitaka burudani. Mateka wakatundika vinubi vyao mitini, wakakataa. Sisi wa Ngara na Biharamulo, tuliopata kukaa na vijana wakimbizi tukawapa karatasi wachore, swali hilo linatuhusu. Tulipowaambia, "Chora yaliyokupata," tulikuwa upande gani wa mto?

Mto wetu ni Kagera. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Warundi nao walikuwa wakikimbia vita iliyoanza kwao mwaka 1993. Kambi ya Lukole ilidumu hadi 2008. Watoto walizaliwa humo, wakawa vijana humo.

Sasa tuipime michoro yenyewe. Ile ya vita inafanana: helikopta, bunduki, nyumba inawaka, watu wembamba kama vijiti. Hatusemi ni ya uongo. Lakini kijana akiona kwamba mgeni husimama zaidi mbele ya picha yenye damu, atajua la kuchora kesho. Hiyo ndiyo tuliyobandika ukutani, ndiyo tuliyowaonyesha wafadhili.

Mingine tuliiweka kabatini. Mmoja unaonyesha foleni ya bombani: madumu yamepangwa, kila dumu na rangi yake, lakini hakuna mtu hata mmoja. Aliyeishi kambini anaelewa: madumu yanashika nafasi, wenyewe wamekwenda kutafuta kuni. Mchoraji amesema mengi kuhusu kungoja bila kuchora uso wowote.

Mwingine ni nyumba ya vigae, migomba nyuma yake, mlango wazi. Vigae vimechorwa kimoja kimoja kwa subira. Aliyeichora alizaliwa Lukole, hajawahi kulala chini ya kigae. Nyumba ile aliipata katika masimulizi ya mama yake. Tunapohubiri Waebrania 11, juu ya watu walioitazama nchi yao kwa mbali, tungeweza kuiinua picha hii mbele ya usharika. Tuliiona ya kawaida mno.

Huenda mtu akasema: basi tuwakataze kuchora vita? Hapana. Wako waliokaa kimya miezi mingi, na mkaa kwenye karatasi ukawa neno lao la kwanza. Kumzuia kijana huyo ni kumziba mdomo mara ya pili. Kosa letu lilikuwa kuagiza machozi, kisha kuyapokea kana kwamba ni zawadi.

Kwa hiyo tunajikosoa wenyewe kabla ya kumkosoa mchoraji yeyote. Huenda vijana wengine wakaja tena. Tukiwaalika ukumbini, tuwape karatasi bila agizo, nasi tuchukue kalamu tuchore pamoja nao. Picha ikikamilika, tumwulize mwenyewe kama anataka ibandikwe. Akikataa, tuikunje vizuri na kumrudishia. Hata kinubi kilichotundikwa kina mwenyewe.